Mama yangu wa Likoni na jumba la vioo la mimea huko Chicago: je, inafaa kumpeleka?

BintiLikoni aliuliza:

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Mama yangu ana umri wa miaka 71 na hajawahi kutoka nje ya Kenya ila mara moja, alipokwenda Tanga kwa arusi. Sasa amepata viza ya kumtembelea kaka yangu anayeishi Chicago, na kwa sababu ya likizo za kazi ya kaka, safari imeangukia Januari, mwezi ambao sisi huku tunakaa barazani kutafuta upepo wa kaskazi na wao kule wanafukua magari yao kwenye theluji. Kaka ametengeneza ratiba ya wiki tatu, na jambo la kwanza aliloandika ni kumpeleka Garfield Park Conservatory, jumba kubwa la vioo lililomo katika bustani ya umma ya mji huo, ambamo mimea ya nchi za joto hutunzwa mwaka mzima na watu wote huruhusiwa kuingia kuitazama.

Nilipomsomea mama ratiba hiyo, aliniuliza, "Yaani nipande ndege siku nzima nikaangalie migomba?" Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Nyuma ya nyumba yetu kuna migomba, kuna mpapai, kuna mkilua anaoumwagilia maji kabla ya alfajiri, na kuna mnazi mmoja mrefu ambao kila mwaka tunabishana kama ukatwe au usikatwe, kwa sababu umeinamia paa la jirani. Mtu wa namna hiyo ataona nini kipya ndani ya jumba la vioo?

Nawaomba waliowahi kuingia katika majumba ya aina hii, hapo Chicago au kwingineko, wanieleze kwa ukweli kama ziara hiyo ina maana kwa mtu wa pwani, au ni afadhali nimshauri kaka ampeleke mahali pengine. Pia ningependa kujua kuhusu mavazi, maana nasikia ndani ni joto na nje ni baridi ya kuua, na kuhusu sakafu, kwa kuwa mama analalamikia goti la kushoto na hapendi kukiri kwamba analalamika.

MzaliwaChangamwe alijibu:

Wa alaikum salaam, dada yangu. Mimi nimeishi Chicago kwa miaka tisa sasa, na jumba hilo ninalijua kwa sababu ya udhaifu wangu mwenyewe: mwaka wangu wa kwanza hapa, ilipofika Februari na sijaona jani bichi kwa miezi mitatu, mwenzangu wa kazini alinihurumia akanielekeza huko. Nilipofungua mlango wa pili wa ndani, harufu ya udongo uliolowa ilinipiga usoni, miwani ikaingia ukungu nisione kitu, nami nikasimama palepale nikivuta pumzi kama mtu aliyefika nyumbani kwa mama yake wakati wa mvua ya masika. Kwa hiyo mwambie mama kwamba haendi kuangalia migomba. Anakwenda kupumua.

Kuhusu jumba lenyewe, lilijengwa kuanzia mwaka 1906 na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 1908, mahali pa mabanda matatu madogo ya vioo yaliyokuwa yamechakaa katika bustani tatu tofauti za upande wa magharibi wa mji. Aliyelibuni ni Jens Jensen, mzaliwa wa Denmark, ambaye hakutaka lifanane na makasri ya vioo ya Ulaya yenye kuba na mapambo, bali alilipa umbo la marundo makubwa ya nyasi kavu kama yale yaliyokuwa yakionekana katika mashamba ya eneo hilo. Ndani yake alifanya jambo ambalo kwa wakati ule halikuwa la kawaida: badala ya kupanga vyungu kwenye meza kama duka, aliipanda mimea moja kwa moja ardhini, akayaficha mabomba, akaipa kila sehemu sura ya mahali halisi. Chumba cha makangaga ndicho kinachosifiwa zaidi, na kwa haki. Unakiangalia kwa chini kama bonde, katikati kuna kidimbwi, na kandokando kuna mawe yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, maji yakitiririka juu yake. Inasimuliwa kwamba Jensen alimfanya fundi wa mawe ayabomoe na kuyajenga upya mara kadhaa, kwa sababu maji yalikuwa yakianguka kwa kishindo naye alitaka yadondoke taratibu kama kijito cha mlimani. Huyo fundi namwonea huruma hadi leo.

Wageni hushauriwa kuulizia kiingilio na kuweka nafasi mapema mtandaoni, na kuna siku za wiki ambazo jumba hufungwa, basi kaka aangalie ratiba ya wiki hiyo kabla ya kumvisha mama makoti. Treni ya njia ya kijani inashusha jirani kabisa, na kituo chenyewe kimepewa jina la jumba hilo.

Mavazi ni jambo la kulizingatia. Januari hapa wastani huwa chini ya sifuri, na mwishoni mwa Januari 2019 tulipata asubuhi moja ya nyuzi 30 chini ya sifuri, siku ambayo hata mimi niliyejidai mwenyeji sikutoka nje. Avae nguo nyepesi ya pamba ndani kabisa, kisha sweta, kisha koti, ili akifika avue moja baada ya nyingine, na kaka abebe mfuko mkubwa wa kuzitia. Jambo ambalo watu husahau ni wakati wa kutoka: mtu akishatoka jasho ndani halafu akaingia kwenye upepo wa nje, baridi humwingia mara mbili. Akae dakika kumi karibu na mlango, ajifute, avae vyote, ndipo atoke. Sakafu ya chumba cha makangaga ina mawe yenye unyevu na vipandio, kwa hiyo avae viatu vyenye kushika, na waulize mlangoni njia isiyo na vipandio. Mwambie aulize kwa ajili ya kaka, siyo kwa ajili yake, naye goti halitatajwa.

Mtoro wa Kaya alijibu:

Niruhusuni niwe mkinzani. Sioni sababu ya mtu wa pwani kustaajabia mimea iliyofungiwa. Ukitaka kuona kazi ya mwanadamu katika mimea, hapa Bamburi kulikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa yaliyoachwa yakawa uwanda mweupe usioota kitu, na kuanzia mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu kupanda miti ya aina 26 ambamo ni mitatu tu iliyostahimili, mivinje ikiwa mmoja wao, kisha jongoo wakaachiliwa wayasage majani yake hadi udongo ukapatikana. Leo tunapaita Haller Park na watoto wetu wanakwenda kulisha twiga. Hakuna kioo hata kimoja. Isitoshe, majumba hayo ya Ulaya na Marekani yalijazwa kwa mimea iliyobebwa kutoka nchi kama yetu, mara nyingi bila ya kumuuliza mwenye msitu. Mama aende akiijua habari hiyo.

MicheBarabarani alijibu:

Mimi nauza miche kando ya barabara upande wa Nyali kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na hoja ya ndugu yangu Mtoro naiheshimu, lakini nadhani anaidharau kazi ambayo sisi wa pwani hatuijui kwa sababu hatujalazimika kuifanya. Sisi tunahangaika kutafuta kivuli. Wenzetu wanahangaika kutafuta jua. Banda langu nimelifunika kwa wavu mweusi ili miche isiungue, ilhali wao wanajenga paa zima la kioo ili wasipoteze hata mwale mmoja.

Jinsi linavyofanya kazi si ajabu kwa mtu aliyewahi kuacha gari Kongowea saa saba mchana na vioo vimefungwa. Jua hupenya kioo, hupiga udongo, majani na mawe, navyo hupata joto na kuipasha hewa iliyo karibu navyo, na hewa hiyo haipati pa kutokea wala haibebwi na upepo, kwa hiyo hurundikana. Tatizo ni kwamba kioo hukabidhi joto nje upesi vilevile. Usiku wa Januari, jua lilipotua saa kumi na moja jioni, jumba kama lile lingeganda kabla ya alfajiri kama si mabomba ya joto yanayopita chini na kandokando mwa kuta. Nimesoma kwamba mwaka 1994 joto la jumba hilohilo la Garfield Park lilipata hitilafu wakati wa baridi kali, na mimea mingi ya chumba kimojawapo ikafa. Mimi hapa umeme ukikatika nalalamikia feni. Wao umeme au gesi ikikatika wanapoteza mimea iliyotunzwa kwa miaka.

Kisha liko suala la mwanga. Siku yetu Mombasa ni saa kumi na mbili, ongeza au punguza dakika chache, mwaka mzima. Yao wakati wa Desemba haifiki saa kumi. Mgomba ambao kwangu unatoa jani jipya kila wiki, kule huwa umesinzia. Mama akiuona mwembamba asiwalaumu watunzaji. Na wadudu! Ndani ya kioo hakuna mvua kubwa ya kuwaosha, mara nyingi hakuna ndege wala siafu wa kuwala, kwa hiyo wale wadudu weupe kama pamba wanaoshika mashina ya majani huzaana bila ya kupingwa, na mtunzaji huwafuta kwa mkono, jani kwa jani. Mimi nimewafuta kwenye miche arobaini tu nikaona siku ndefu.

Kwa hiyo, Binti, mwombe mama ayaangalie mabomba, paa na mikono ya watunzaji kama anavyoiangalia mimea. Na akiona jinsi walivyofunga mbegu au kugawa vikonyo, anipigie simu. Sisemi aibe.

Baharia Mstaafu alijibu:

Nimefika San Francisco mara mbili nikiwa melini, miaka ya themanini, na katika mapumziko ya siku moja nililiona lile jumba la maua la Golden Gate Park, ambalo lilifunguliwa mwaka 1879 na limejengwa kwa mbao na vioo. Kwa mbali nililidhania kasri, kwa weupe wake. Nilipokaribia niliona kwamba vioo vyenyewe vimepakwa rangi nyeupe kupunguza ukali wa jua, nikakumbuka kuta zetu za chokaa za Mji wa Kale, ambazo nazo hupakwa kwa sababu hiyohiyo.

Habari ya jumba hilo ni kwamba tajiri mmoja, James Lick, alilinunua likiwa vipandevipande ndani ya makreti ili aliinue kwenye shamba lake, akafariki mwaka 1876 kabla hata halijafunguliwa, na baadaye matajiri wengine wakalinunua na kuupa mji. Lilistahimili tetemeko kubwa la mwaka 1906. Kilichokuja kulishinda ni upepo: dhoruba ya Desemba 1995 ilivunja maelfu ya vioo, likafungwa hadi mwaka 2003. Mwenzetu wa Chicago hakutaja, lakini hata la kwao lilipigwa na mvua ya mawe mwezi wa Juni 2011, karibu nusu ya vioo vya paa ikavunjika na vipande vikaangukia mimea. Kwa baharia, nyumba ya namna hiyo ni kama jahazi. Siku zote kuna mahali panapohitaji kalafati.

BintiLikoni alijibu:

Nawashukuru nyote, na hasa kwa ushauri wa koti na goti. Mama nimemsomea majibu yote kwa sauti. Amesema ndugu Mtoro ana haki, na mwenye miche ana haki, na kwamba baharia anazungumza kama marehemu baba yangu. Sasa anauliza swali ambalo sikulitegemea: kama mimea ilibebwa kutoka kwetu, ni ipi hasa, ili akifika aitafute?

Mwalimu wa Biolojia alijibu:

Swali zuri sana, na la kwanza katika mjadala huu linalomfanya mgeni kuwa mwenyeji. Nitamtajia Bi. mkubwa mitatu.

Wa kwanza ni mtapo na jamaa zake, ile mimea ya kale yenye shina nene na majani magumu kama ya mnazi mfupi, ambayo wengi hudhani ni aina ya mnazi lakini haina undugu nao. Ni ukoo uliokuwapo duniani kabla ya mimea ya maua, na majumba ya vioo huuthamini kwa sababu hukua polepole sana na huishi kwa karne. Chumba cha makangaga cha Garfield Park kina jamaa zake waliozeeka mno. Huku kwetu upo ule wa misitu ya pwani, kuanzia Kilifi na Kwale hadi Unguja, ambao wataalamu waliupa jina la Hildebrandt, mkusanyaji Mjerumani aliyepita pwani hii katika miaka ya 1870. Sisemi ataukuta ule wetu hasa. Atawakuta binamu zake.

Wa pili ni ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo leo huuzwa katika vyungu duniani kote na kuwekwa dirishani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi kutokana na jina la ofisa huyo. Watu wa milima ya Usambara walikuwa wakipita kando yake kila siku. Lakini jambo ambalo hata Wakilifi wengi hawalijui ni kwamba ua la ukoo huohuo huota mwituni katika miamba ya chokaa ya kaunti yao, katika sehemu chache zilizobaki, kwa sababu linahitaji kivuli cha miti, na miti ikikatwa jua hulikausha juu ya jiwe. Ndugu Mtoro, hapa nakuunga mkono nusu: lilichukuliwa bila ya kuulizwa. Nusu ya pili ni kwamba anayelimaliza sasa ni sisi wenyewe.

Wa tatu ni ile iliyotokea kwingine ikawa yetu. Mgomba na mnazi vililetwa pwani hii kwa bahari kutoka mashariki, na mkakao na papai vimetoka Amerika. Garfield Park ina chumba kizima cha kuonyesha jinsi mimea inavyotengeneza sukari kwa nguvu ya jua, na humo mama atakutana na majirani wengi wa nyuma ya nyumba yake, ambao nao ni wageni wa zamani.

Usafirishaji wenyewe ulirahisishwa na kioo pia. Karibu mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwamba mmea ukifungiwa ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu huishi bila ya kumwagiliwa, kwa kuwa maji yanayopanda kama mvuke hutonea tena kwenye udongo. Kabla ya hapo miche mingi ilikufa melini kwa chumvi na kiu. Baada ya masanduku ya kioo ya Ward, ikafika hai. Ndugu baharia bila shaka ataniambia kwamba kontena la friji limemaliza habari hiyo.

BintiLikoni alijibu, mwishoni mwa Januari:

Nimerudi kutoa taarifa, kwa kuwa baadhi yenu mmeniandikia faraghani mkiuliza.

Kaka alikuwa amepanga saa moja. Walikaa karibu saa tatu. Mama aliingia na makoti mawili, na alipofika kwenye chumba cha kwanza chenye mitende na jamaa wengine wa mnazi alikuwa amebaki na dera na mtandio, na mtandio ukiwa begani. Alizunguka akimsahihisha kaka kwa kila kitu: hii siyo minazi, ona makovu ya shina, huu mgomba umekonda, aliyesema umesinzia amesema kweli, hawa watu wanamwagilia majani wakati sisi tunamwagilia mguu. Kwenye chumba cha makangaga alikaa kwenye benchi na kumwambia kaka anyamaze, ili asikilize maji. Goti halikutajwa hadi waliporudi garini.

Jamaa za mtapo aliwaona. Ua la zambarau hakulikuta, ila siku tatu baadaye aliliona katika duka la vyakula, kwenye chungu cha plastiki, karibu na mahali pa kulipia, akalinunua na kuliweka dirishani kwa kaka. Amemwachia maagizo marefu ya namna ya kulimwagilia, ambayo nadhani hata Saint Paul hakuwaachia jamaa zake.

Mwenye miche, ameniagiza nikwambie kwamba mabomba aliyaona, na kwamba alimuuliza mtunzaji, kaka akitafsiri, nani hukaa na mimea hiyo usiku. Alipojibiwa kwamba wapo watu wanaoangalia mitambo ya joto wakati wote wa baridi, alinyamaza kidogo. Usiku ule akanipigia simu, kwetu ikiwa karibu alfajiri, siyo kunieleza ziara bali kuniuliza kama nimeumwagilia mkilua. Kuhusu mnazi, amesema yeyote atakayeugusa kabla hajarudi atamtambua.

Bado natafuta fundi wa kurekebisha paa la jirani.